Giza Lililoingia Kwenye Figo za Mama Nyamizi

Vijana wangu mnaosomea kupiga picha za hospitali, kaeni niwaambie habari za figo. Najua mnachokitaka ninyi ni ubongo. Kila anayeingia chumba cha MRI kwa mara ya kwanza anataka aonyeshwe ubongo. Mimi miaka yangu ya mwisho kazini niliishi kwa figo, na mpaka leo nikianza kuziongelea mke wangu huchukua kikapu akaenda sokoni, maana anajua sitanyamaza kabla ya adhuhuri.

Sikuanzia huko. Nilianzia kwenye eksirei, ndani ya chumba cha giza, nikining'iniza filamu zilizolowa dawa kama mtu anayeanika nguo. Aliyenifundisha ni Mzee Mihambo, mtu mfupi, mkali, asiyependa maswali kabla ya chai. Alikuwa na tabia moja iliyoniudhi sana. Filamu ikitoka anaiinua dirishani, anaitazama weee mpaka shingo inauma, na ile karatasi ya daktari yenye maelezo ya mgonjwa anaikalia. Anaikalia kweli, kwenye stuli. Siku moja nikamuuliza kwa nini.

"Karatasi itaniambia nione nini," akasema. "Mimi nataka kwanza nione kilichopo. Haya, kalete chai."

Nilidhani ni ukaidi wa uzee tu, nikaenda kuleta chai.

Mashine ya MRI, ile inayopiga picha kwa sumaku kubwa, ilipofika hospitali yetu hapa Tabora, mimi nilikuwa na mvi tayari. Bosi wangu alinishauri niwaachie vijana, nikakataa katakata. Nilikwenda Dar es Salaam kusoma nikiwa na umri mkubwa kuliko mwalimu wangu, nikarudi na cheti, na siku ya kwanza niliyowasha ile sumaku mwenyewe nilitamani kumpigia simu kila mtu ninayemfahamu.

Makosa nilifanya, tena ya aibu. Wiki ya kwanza tu alikuja mzee mmoja wa Sikonge, mrina asali, kupimwa mgongo. Nilimkagua kwa makini: saa nje, mkanda nje, sarafu nje. Tukampima, akatoka salama. Kumbe alikuwa ameniletea zawadi, asali ndani ya kopo la bati, ameiacha korido. Mimi nimeinama natandika shuka upya, mlango nimeuacha wazi, mzee wa watu anarudi na kopo lake kunishukuru. Mfuniko ulivutwa na sumaku ukanipita sikioni, kopo likaufuata, na asali ikatapakaa kuanzia mdomo wa mashine mpaka mlangoni. Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu. Lakini tulifuta asali siku mbili, na nyuki waliijua korido yetu mwezi mzima. Kwa hiyo mgonjwa akitoka, fungeni mlango, hata kama mnakwenda hatua tatu tu.

Sasa tuje kwenye figo. Daktari Neema alitoka Dar es Salaam na utafiti wake wa presha sugu. Presha sugu mnaijua: mgonjwa anameza vidonge vya aina tatu au nne, anavimeza kweli, na kipimo cha mkononi bado kinasoma juu. Kwa watu wa namna hiyo kulikuwa na tiba iliyokuwa ikifanyika Dar. Wanapitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa paja, wanaufikisha kwenye mishipa inayopeleka damu figoni, kisha wanazichoma kidogo neva zilizoizunguka mishipa hiyo, zile zinazochochea presha ipande. Presha inashuka. Ila Daktari Neema alikuwa na swali lililomkosesha raha. Figo iliyozoea kusukumiwa damu kwa nguvu miaka yote, nguvu ile ikipungua, itapata oksijeni ya kutosha? Isije ikawa tunauokoa moyo huku tukiinyima figo pumzi.

Akaniambia kwamba MRI inaweza kuionyesha oksijeni ndani ya figo. Bila sindano, bila ile dawa ya kung'arisha picha ambayo figo mbovu haiitaki. Nilimwomba arudie, akarudia. Damu iliyobeba oksijeni, alisema, haiisumbui sumaku. Damu iliyokwisha kuitua oksijeni yake inaisumbua, kidogo tu, na pale ilipo picha huwahi kuwa nyeusi. Ukipiga picha kadhaa za haraka mfululizo na kupima weusi unaingia kwa kasi gani, unajua wapi oksijeni ipo na wapi imepungua. Vijana, nilitoka pale nikatembea kwa miguu mpaka nyumbani, na baiskeli yangu nikaikuta kesho yake pale pale hospitalini nilipoiegesha.

Mgonjwa wetu wa kwanza alikuwa Mama Nyamizi, mkulima wa Bukene, mjane, mkubwa kwangu kwa miaka kadhaa. Ukoo wao wote ni wa presha. Mwanawe Masanja, kijana wa miaka thelathini na kitu, alikuwa na ugonjwa ule ule na jina lake lilikuwa kwenye orodha ya kutibiwa. Daktari Neema aliwaeleza wote wawili kila kitu, na mama akasema yeye ndiye atakayetangulia.

"Kama tiba hiyo inaharibu figo, iharibu zangu," alisema. "Mimi nimeshakula chumvi nyingi. Zangu zikiwa nzima, ndipo na yeye aende."

Hayo ndiyo yalikuwa makubaliano yao, na Daktari Neema aliyaheshimu. Masanja angesubiri mpaka picha za mama yake za baada ya tiba zitoke.

Picha za kwanza, kabla ya tiba, zilinitoa jasho. Figo hupanda na kushuka mtu anapopumua, kwa hiyo mgonjwa lazima atoe pumzi na kuizuia sekunde kumi na tano hivi. Mimi nikiwa nje kwenye kompyuta nasema kwenye kipaza sauti, "Mama, toa pumzi, sasa izuie." Naye anaitika kutoka ndani ya mashine, "Eee baba, nimeizuia." Picha imeharibika. Nikamsihi asijibu. "Sawa baba, sijibu tena," akajibu. Mara ya tano nikafahamu kwamba mama huyu alilelewa kuitika anaposemeshwa, na miaka sitini ya malezi siwezi kuiondoa mimi kwa asubuhi moja. Nikamwingiza muuguzi asiye na chuma mwilini, asimame miguuni kwa mgonjwa. Akibonyeza dole gumba la mguu mara moja, mama atoe pumzi na kuizuia. Akibonyeza mara mbili, apumue. Hakuna aliyelelewa kuitikia kwa mguu, na picha zilitoka safi kabisa.

Mama akaenda Dar, akatibiwa, akarudi Bukene. Miezi sita baadaye presha yake ilikuwa imeshuka, vidonge vimepunguzwa, na alikuwa anapalilia mwenyewe shamba lake. Tulichokuwa tunangoja ni picha za pili tu.

Hapo ndipo nilipokosea. Mama alifika kwa treni jioni, kipimo kiwe asubuhi. Utafiti ulikuwa umemlipia chumba kwenye nyumba ya wageni. Nilipomfikisha tukakuta muziki unapigwa mlango wa pili na walevi wamekaa barazani. Mama alikumbatia mfuko wake. Kanuni ilikuwa wazi: mtumishi wa utafiti hamlazi mgonjwa nyumbani kwake. Niliijua, niliisaini. Nikamchukua mama nikampeleka kwangu.

Mkitaka kunielewa, ieleweni Tabora. Mji huu umekuzwa na misafara. Kabla ya reli, watu waliotoka pwani kwa miguu na waliokuwa wanashika njia ya Ujiji walitua mizigo yao hapa, wakapokelewa, wakalishwa. Mababu wa mke wangu walikuwa wapagazi, na ukoo wao mpaka leo unajisifia kwamba hakuna mgeni aliyewahi kutoka mlangoni kwao na njaa. Mimi nilimweleza mke wangu vizuri jioni ile: mgeni asile chochote mpaka atoke kwenye kipimo. Akasema amesikia, nami nikaondoka alfajiri kwenda kuiandaa mashine.

Mama alipofika nikamsalimu, "Mwangaluka mayo," kisha nikamuuliza kama ilivyoandikwa kwenye fomu. "Mama, umekula?"

"Sijala baba."

Nikaandika: hajala tangu jana jioni. Dole gumba likabonyezwa, mama akazuia pumzi vizuri kuliko wanafunzi wangu, picha zikatumwa Dar.

Baada ya siku tisa Daktari Neema aliingia ofisini kwangu na karatasi mkononi, na uso wake sikuupenda. "Mzee, oksijeni imeshuka figo zote mbili. Ya kushoto imeshuka vibaya," alisema. "Kesho namwandikia mama arudi kwenye vidonge vyake vyote. Na Masanja namsimamisha. Siwezi kumpeleka kijana kwenye kitu kilichomuumiza mama yake."

Nikakaa. Nilimwona mama kichwani mwangu akiisikia habari hiyo. Halafu, sijui kwa nini, nikamkumbuka Mzee Mihambo na stuli yake.

"Picha umeziona?" nikamuuliza.

"Nimeona namba. Picha kompyuta imezisoma."

"Tuzitazame."

Tukazifungua, moja baada ya nyingine, na mimi ile karatasi nikaisukuma pembeni. Weusi ulikuwepo, sikatai. Lakini ulikaa mahali pasipo pake. Figo ikipungukiwa na oksijeni huanza kupungukiwa katikati, kwenye nyama ya ndani, ambayo hata siku njema haipati nyingi. Giza hili lilikuwa limeingia kutoka nje, upande ule ambao utumbo umeegemea figo, likaimega kingo. Ndani kabisa, katikati, palikuwa peupe.

"Daktari, hii ni gesi," nikasema. "Tumbo lilijaa. Gesi ya utumboni inavuruga sumaku, na kompyuta imehesabu uvurugaji ule kuwa ni ukosefu wa oksijeni."

Aliinama karibu na kioo, akatazama muda mrefu. "Inawezekana. Lakini hakula. Umeandika wewe mwenyewe hapa."

Tukampigia mama simu, sauti ikiwa wazi. "Sijala baba, nilikwambia," alisema, kwa upole ule ule. Daktari Neema akanitazama. Kama mgonjwa hakula, yeye hawezi kuitupa namba eti kwa sababu haimpendezi. Akasema barua ataiandika kesho saa nne.

Nilirudi nyumbani nimenyong'onyea. Mke wangu alikuwa anachambua mchele. "Baba Shija, kuna nini?" akauliza. Nikamweleza yote: figo, giza, Masanja kusimamishwa. Mikono yake ikasimama juu ya ungo.

"Alikula," akasema.

"Nani alikula?"

"Mgeni. Ulipoondoka. Nilimpa michembe ya karanga na maziwa mgando."

Kwa asiyejua, michembe ni viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa juani. Ikipikwa kwa karanga ni tamu mno, na ndani ya saa moja tumbo lako linaanza kuongea.

"Nilikwambia asile."

"Ulisema asile chakula. Nikaona nimpe kidogo tu cha kushikiza, ana safari ya hospitali. Alikataa mara mbili. Nikamwambia mgeni hatoki hapa na tumbo tupu. Mara ya tatu akala bakuli zima asiniaibishe, na akaahidi hatanisemea kwako." Akafuta macho kwa khanga. "Mimi nilijua ni kosa la kugombezwa tu. Ningejua lina Masanja ndani yake, ningekuja mwenyewe hospitali kusema."

Nilikasirika, kisha nikacheka, kisha nikakasirika tena. Mama Nyamizi alikuwa amemdanganya daktari kwenye simu ili kumlinda mke wa mtu aliyemlaza, na hakujua kwamba anamfungia mwanawe mlango.

Nisikilizeni vizuri hapa. Ningeweza kumwomba Daktari Neema arudie tu picha, kwa kusema mzee nina wasiwasi. Nililipima wazo hilo njia nzima kesho yake asubuhi. Ningebaki na jina langu safi, nikastaafu kwa keki na hotuba. Lakini yeye alihitaji sababu ya kuitupa ile namba, na sababu ilikuwa nyumbani kwangu. Saa tatu nikaingia, nikamweleza kila kitu, kuanzia walevi wa nyumba ya wageni mpaka maziwa mgando.

Alivuta daftari lake la utafiti. "Mzee, unajua haya lazima niyaandike."

"Andika."

"Na kwenye kompyuta ya utafiti huu hutakaa tena."

Iliniuma, sitawaficha. Niliyaomba machozi yasubiri nifike nje, yakasubiri.

Picha zikapangwa upya. Safari hii mama alilala kwenye hosteli ya kanisa, na muuguzi alilala chumba hicho hicho, akimlinda kama askari. Kwenye kompyuta alikaa kijana niliyemfundisha mimi. Kazi pekee niliyoruhusiwa ni kusimama miguuni na kubonyeza dole gumba. Nikavua saa, mkanda, pete ya ndoa, nikaingia. Mle ndani huoni kioo cha picha, unasikia tu mashine inagonga. Nilibonyeza, nikahesabu, nikabonyeza mara mbili, na kila mara nikajiuliza kijana na Daktari Neema nje ya dirisha wanaona nini. Nyuso zao hazikuniambia chochote.

Baadaye tukakaa kwenye benchi la korido, mimi na mama, tukisubiri hesabu zifanywe.

"Nisamehe baba," akasema. "Nilishindwa kumkatalia mkeo."

"Ungeniambia mimi kwa siri, mama."

"Ningekwambiaje? Umenilaza, yeye amenilisha, halafu mimi nimsemee?" Akageuka kunitazama. "Muuguzi ameniambia habari ya Masanja. Ni kweli wamemsimamisha kwa ajili ya bakuli lile?"

"Ni kweli."

Hakulia. Alishika tu mikono yake miwili, mmoja ndani ya mwingine, akatazama mlango. Hatukujua, jamani. Gesi ilikuwa maelezo yangu mimi tu. Huenda chini ya gesi figo zilikuwa zinaumia kweli, na mle ndani jibu lilikuwa linakuja, zuri au baya, na mimi nilikuwa na hofu kuliko siku ya mtihani wowote.

Tukiwa bado tunasubiri, niwape ninyi kitu cha kubeba. Msimuulize mgonjwa "umekula?" Swali hilo linajibiwa kwa adabu, na adabu haiwezi kumsema mwenyeji. Muulizeni amelala kwa nani, na asubuhi walimpa nini. Mtu anayeulizwa walimpa nini hujibu kwa fahari, maana anamsifu aliyempa. Daktari Neema ameliandika hivyo hivyo kwenye fomu zake sasa, na tangu hapo tumegundua mihogo, maharage, togwa na nusu ya kuku. Na namba ikiwatisha, kabla hamjaitangaza, fungueni picha mtazame giza limeingilia wapi.

Mlango ukafunguliwa. Daktari Neema alikuja na kompyuta ndogo ameifungua mkononi, akapiga goti mbele ya mama ili waitazame pamoja. Ilikuwa figo ya kushoto, imepakwa rangi kulingana na oksijeni, na kingo zake zote zilikuwa nzima, hazijamegwa popote. Pembeni aliweka ile ya kabla ya tiba. Mimi nilizitazama picha zote mbili kwa macho yangu, bila karatasi, na moyo wangu ulijua kabla hajafungua mdomo.

"Hii ndiyo mimi?" mama akauliza.

"Ndiyo figo yako, mama. Hii ni kabla, hii ni ya leo."

"Haijapungua?"

"Haijapungua hata kidogo. Ya kulia pia. Presha imeshuka, na figo zako zinapata oksijeni kama zamani."

Mimi nilisimama nikatembea mpaka mwisho wa korido na kurudi, sikuweza kukaa. Nilitaka kumkumbatia Daktari Neema, nikamkumbatia yule kijana wa kompyuta badala yake. Nilikuwa nimetolewa kwenye utafiti na sijawahi kufurahi kiasi kile katika maisha yangu yote ya kazi.

Mama Nyamizi alikuwa anafungua fundo la kitenge chake. Akatoa simu, akaibonyeza polepole, akaiweka sikioni. Mama yule hakuwahi kumsemesha mtu kabla ya kumsalimu, kumuuliza watoto, ng'ombe na mvua. Simu ikapokelewa.

"Masanja," akasema. "Funga mzigo. Zamu yako."